Drafti ya Mibunini

Kibeta, Bukoba
21 Julai 2024

Mpendwa ndugu yangu Ildefons,

Pokea salamu zangu, na uzipokee umekaa, maana barua hii ni ndefu. Hujambo huko Mtwara? Na wifi yangu Alistidia naye hajambo? Mguu wako uliokusumbua wakati wa masika umepona, au bado unaupaka zile dawa zinazonuka nyumba nzima? Kila nikisikia redioni kwamba huko joto limezidi, nakuonea huruma, kisha nakumbuka kwamba hakuna aliyekufukuza Kagera, ulikwenda mwenyewe kufundisha ukanogewa na korosho.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mimi magoti yananisema asubuhi, lakini cherehani bado naikanyaga na wateja bado wananidanganya kwamba watakuja kuchukua nguo Ijumaa. Kahawa mwaka huu imezaa vizuri, Buganguzi nzima matawi yameinama. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, navyo vipo, ungekuja ungekula hadi uombe maji.

Utajiuliza kwa nini sikukutumia ujumbe wa simu. Waitu, ndugu yangu, ujumbe wa simu wewe unausoma huku unatafuta miwani, halafu unajibu "sawa". Habari hii haitaki "sawa". Ndiyo maana nimempa barua mwalimu Najibu, jirani yangu hapa Kibeta, anayehamia huko kwenu.

Ni habari za Restituta. Restituta wetu, binti wa katekista Mwijage, tuliyekua naye mlango kwa mlango pale Buganguzi. Macho yake yamekwisha, Ildefons. Ni presha ya macho, ilimla polepole naye akadhani ni miwani inayomdanganya, na daktari alimwambia ukweli kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Tangu Pasaka haoni hata mwanga wa mlangoni.

Akajifungia chumba cha ndani cha ile nyumba ya baba yake. Rwekaza, mdogo wake, ambaye nyumba yake iko palepale kwenye kibanja cha baba yao, alikuwa akinipigia simu anaishiwa maneno. Ukimuuliza dada yake ale nini, anajibu "mtakavyoona". Ukimuuliza kama atakwenda misa, "mtakavyoona". Wewe uliwahi kumsikia Restituta akisema "mtakavyoona"? Yule aliyekuwa anabishana hata na saa ya kanisa?

Basi mwanawe wa pekee, Joanitha, ambaye ni muuguzi Mwanza, akaamua kumchukua mama yake akaishi naye huko moja kwa moja. Alikwisha kutenga chumba, kitanda na mtu wa kumhudumia. Akaniomba mimi niende nikamlainishe mama, yeye angefika Jumamosi na gari. Nami nilikubali bila kusita. Nilikuwa upande wa Mwanza kabisa, nakuambia ukweli. Mjane asiyeona, peke yake katikati ya migomba, na kisima, na moto wa kuni! Nani angesema abaki?

Sasa kabla sijakupeleka huko, acha kwanza nikurudishe nyuma. Najua unayakumbuka haya, lakini nikiyasimulia napona.

Unaukumbuka ubao wetu wa drafti? Uliuchora wewe kwa mkaa kwenye mfuniko wa sanduku la chai, na vyumba vyake havikulingana hata viwili. Kete zetu zilikuwa vizibo vya soda kutoka dukani kwa Maimuna, upande mmoja vimelala chali, upande mwingine kifudifudi, na kingi ni kizibo kilichopandishwa juu ya mwenzake. Tulicheza nyuma ya jiko la akina Restituta, sisi wanne: wewe, mimi, Rwekaza aliyekuwa bado anavuta kamasi, na yeye malkia.

Maana alikuwa malkia, tuseme kweli. Sijaona mtu mwenye kichwa kama kile, tangu wakati ule mpaka leo. Alikuwa anakupa kete. Anakusogezea mwenyewe, kwa upole, na sheria inasema ukikuta cha kula lazima ule. Unakula moja unachekelea, anakula tatu, halafu anakuuliza kama umeshiba. Wewe ulikuwa unashika kichwa kwa mikono miwili, unaapa kwamba safari hii hutakula, na sheria inakulazimisha unakula tena. Wavulana wa Rubya waliokuja wakati wa likizo kumtafuta huyo msichana anayesifiwa walirudi kwao kimya kimya, na mmoja akasingizia kwamba jua lilimpiga machoni.

Halafu siku ile mzee Mwijage akatukuta. Yeye drafti alikuwa ameiona kilabuni tu, mbele ya watu wanaokunywa rubisi tangu asubuhi, kwa hiyo machoni pake ule ulikuwa mchezo wa wavivu na mwanzo wa kupotea. Hakutupiga. Aliubeba ubao, akausukuma chini ya chungu cha ndizi, ukaungua mbele yetu, vizibo akavitupa kwenye migomba. Ulikuwa ukicheza na Restituta wakati ule, na ninakumbuka ulikuwa unafanya kila njia usilie.

Kesho yake tukatumwa kuchuma kahawa, kila mtu na mbuni wake, hatuonani kwa majani. Kisha tukasikia sauti ya Restituta kutoka kwenye mbuni wake ikikuuliza kama utacheza au umekata tamaa, maana zamu ilikuwa yako. Ulimjibu kwa hasira kwamba ubao umeungua. Naye akakutajia kila kete ilipokuwa jana yake, zako zote na zake zote, mpaka ile ya pembeni ambayo wewe mwenyewe ulikuwa umeisahau. Mimi niliacha kuchuma.

Lakini kutaja "cha tatu kutoka kushoto, mstari wa nne" kulituchanganya, tukagombana. Hapo ndipo wewe, na sifa hii nakupa, ukaleta wazo la kuvipa vyumba vyote thelathini na viwili majina ya kijijini kwetu. Kwa Padri. Njia panda. Kisimani. Shuleni. Kwa mzee Rugambwa. Kwa Maimuna. Kwa bibi mwenye mbuzi. Mstari wa mwisho upande mmoja ukawa Rubya, na mstari wa mwisho upande wa pili ukawa Bukoba, Kibeta kikiwa kimojawapo cha vyumba vyake, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kufika mjini na tuliamini kwamba mtu akifika Bukoba lazima awe kingi. Mimi nimeishi Kibeta miaka yote hii, na ukingi wenyewe bado nausubiri.

Basi ikawa tukichuma, tunacheza. "Natoka shuleni naingia kisimani." "Natoka kwa Rugambwa naingia kwa Maimuna." Watu wazima wakipita wanaona watoto wema wanaongea. Mpaka mke wa mzee Rugambwa alipopita njia ya chini na kikapu chake, akasikia watoto wa katekista wanatangaza juu ya mibuni kwamba kuna mtu anatoka kwa Rugambwa anaingia kwa Maimuna, na jana aliingia, na leo ameingia tena!

Nacheka hadi leo. Yule mama hakwenda kwake kumwuliza mumewe. Alikuja moja kwa moja kwa katekista, amejifunga khanga kiunoni, na mzee Rugambwa mwenyewe akaitwa, maskini ya Mungu, hajui hili wala lile, anaulizwa habari za Maimuna. Tukapangwa mstari mbele ya wazee. Mimi nilikuwa tayari kukubali kosa lolote nitakaloambiwa. Restituta ndiye aliyesimama mbele akaeleza kwamba hakuna mtu anayekwenda kwa Maimuna, kwamba ile ni kete, na kwamba ubao tunao kichwani. Baba yake hakuamini. Akamwambia ataje. Akataja, chumba kwa chumba, kutoka Rubya mpaka Bukoba, na nani amekaa wapi.

Mzee Mwijage aliketi kwenye kigoda. Kisha akasema, "Kumbe nilichoma ubao tu." Na tangu siku hiyo hakutukataza tena. Mke wa Rugambwa aliomba maji ya kunywa, akarudi kwake na mumewe, na nasikia usiku huo mzee alipikiwa kuku.

Haya, tuyaache ya zamani. Alhamisi ya wiki iliyopita nikafika Buganguzi na maneno yangu ya Mwanza nimeyapanga vizuri. Edvina, mke wa Rwekaza, akanipokea, akaleta akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kijikapu kama ilivyo desturi, tukaingia kwa Restituta. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kilemba amefunga vizuri, mikono magotini. Alinitambua kwa sauti kabla sijamaliza kupiga hodi. Akachukua punje za kahawa, lakini hakutafuna, alizishika tu kiganjani kama mtu anayemtunzia mwingine.

Nikamweleza. Nilisema habari za kitanda, za hospitali kuwa karibu, za Joanitha asiyelala kwa mawazo. Nilisema vizuri mno, hata mimi nikajipendeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mtakavyoona, Felicitas."

Ilinichoma. Nilikuwa nimekwenda kutafuta ndiyo, na ile ilikuwa ndiyo, lakini nilitoka mle ndani najisikia kama nimemwibia. Sikuweza kukaa. Nikachukua kikapu, nikaungana na Rwekaza na Edvina kwenye mibuni iliyo mbele ya nyumba, tukachuma bila kuongea.

Nadhani Rwekaza alichoshwa na kile kimya. Kutoka kwenye mbuni wake akaniambia kwamba anatoka kwa Padri anaingia njia panda. Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilijibu na cha kwangu, na tukaendelea, wazee wawili wenye mvi, Edvina akitushangaa. Ildefons, tulicheza vibaya! Tulikuwa tumesahau nusu ya majina. Mimi nilimpitisha mtu sokoni ambako hakuna njia, Rwekaza naye akakubali kwa sababu hakujua. Lakini tulicheka kidogo, na kucheka kulitusaidia.

Kisha Rwekaza akasema anatoka shuleni anaingia kwa Maimuna. Na dirishani, kutoka kile chumba cha ndani, ikaja sauti:

"Shuleni huna mtu, Rwekaza. Yule ulimtoa mapema, akaliwa kisimani."

Edvina alibaki ameshika tawi. Mimi nilitaka kukimbilia ndani, na ningekimbia ningeharibu kila kitu. Lakini Rwekaza, yule mvuta kamasi wetu, Mungu alimpa akili saa ile. Hakufurahi, hakushangaa. Alijibu kwa kununa, kama alivyokuwa akinuna miaka ile, kwamba kama dada anajua sana atoke aje acheze mwenyewe.

"Nikitoka utalia," akasema Restituta.

Na alitoka. Tulisikia mkono wake ukipita ukutani, ukapita mlangoni, akaja mpaka barazani akakalia kigoda chake. Zile kahawa za kiganjani akazitia mdomoni, akaanza kutafuna. Akaniambia nimwachie kete zangu kwa sababu nilikuwa nazitesa, na akachukua mchezo niliokwisha kuuharibu. Akamkumbusha Rwekaza kila kete ilipo, na ile yangu ya sokoni akairudisha, akasema sokoni haingiliwi kutokea huko, mtu ataangukia shimo la mzee Rugambwa. Halafu akampa Rwekaza kete moja, kwa upole. Nilijua. Rwekaza naye alijua, lakini sheria ni sheria. Akala moja, akaliwa nne, na dada yake akamwuliza kama ameshiba.

Nililia kwenye yale majani kama mtoto. Nalia hata sasa nikiandika, usishangae wino ukitota.

Jua lilipolegea aliniita nikae karibu yake. Akaniambia neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Felicitas, macho yamekwenda, lakini Buganguzi haijanitoka. Nikikaa hapa naiona yote. Mkinipeleka Mwanza ndipo nitakapokuwa kipofu." Nilimwuliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo. Akasema hakuna aliyemwuliza anachotaka, kila mtu alikuja na gari tayari. Na aliposema kila mtu, nilijua na mimi nimo.

Jumamosi Joanitha akafika. Mama yake alimpokea barazani amesimama, akamwambia mwenyewe, kwa heshima na bila kugeuza neno, kwamba Mwanza atakuja kusalimia wajukuu lakini kuishi ataishi hapa. Joanitha alinigeukia mimi. "Mama mdogo, nilikutuma unisaidie," akasema, na sauti yake ilikuwa na haki. Yule binti hana ubaya, Ildefons. Anaogopa tu. Alitaja kisima, alitaja moto, alitaja mvua na utelezi, na hakuna alichokosea.

Restituta hakubishana. Aliingia ndani akamletea mwanawe akamwani kwa mkono wake mwenyewe, kutoka rafuni, bila kupapasa. Akarudi kuleta maji, na hapo akagonga mtungi, maji yakamwagika sakafu nzima. Nikasema moyoni basi, mchezo umekwisha, Mwanza hiyo. Yeye alisimama katikati ya yale maji, miguu imelowa, akasema hata alipokuwa anaona alikuwa anamwaga, waulizeni wote hapa. Ni kweli, unakumbuka jinsi alivyokuwa mzembe na vyombo. Joanitha alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka, akamkumbatia mama yake wakasimama hivyo hivyo majini.

Yakapatikana maelewano. Moto hatagusa, Edvina atapika kwa wote. Kisima Rwekaza anakiwekea mfuniko na ukuta, na amekwisha kuanza, nilimwacha anagongana na matofali. Joanitha atapiga simu kila jioni, na Desemba mama atakwenda Mwanza kutembea, na kurudi. Joanitha akaondoka na gari limejaa ndizi, na kile kiti cha mbele alichokiandalia mto kikiwa kitupu. Alilia, lakini alipunga mkono.

Jumapili Restituta alikwenda misa. Akaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya, na nje ya kanisa akawatambua watu mmoja mmoja kwa salamu zao na vikohozi vyao. Namsifu, waitu. Nimewaona watu wakipoteza kidogo kuliko alichopoteza yeye wakalala wasiamke tena.

Rwekaza na Edvina wanakusalimu. Padri wetu wa zamani pale Rubya bado yuko hai, anauliza kama ulioa. Mwanangu anakusalimu pia, na ninyi nisalimieni mjukuu wenu Kokuhirwa, mwambieni bibi yake anamshonea gauni ila hajui kipimo cha kiuno chake.

Sasa lile lililonikalisha mezani kuandika yote haya. Rwekaza hatoshi. Amepigwa kila siku tangu siku ile, sasa akimwona dada yake barazani anasingizia kwenda kuchunga mbuzi, na mbuzi hana. Restituta anakutaka wewe. Kila Jumapili baada ya misa atakuwa na simu mkononi. Aliniambia niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiyapambe, nami nayaandika:

"Mwambie Ildefons nimetoka kwa Padri nimeingia njia panda. Na mwambie asinihurumie. Akiniachia kete hata moja kwa ajili ya macho yangu, nitaijua, na simu yake sitaipokea tena."

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe na kichwa cha kutosha, maana utakihitaji.

Ni mimi dada yako ninayekupenda siku zote,

Felicitas